Amani machimboni ni kinga ya maradhi

Mnamo Julai 31, 2024, Wizara ya Afya ilitangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa mpox humu nchini alikuwa amepatikana katika kituo cha mpakani cha Taveta. Alikuwa msafiri aliyetoka Uganda, akapitia Kenya akielekea Rwanda. Wiki hiyo simu ya kliniki yangu haikupumzika. Kina mama waliuliza kama watoto waruhusiwe kupanda matatu. Mzee mmoja alitaka kujua kama nyama ya mbuzi ina hatari. Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali nililokuwa nikilingoja: maradhi haya yametoka wapi, na kwa nini yakatoka huko?

Jibu, ndugu msomaji, ni mji uitwao Kamituga, katika eneo la Mwenga, mkoa wa Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo. Huko ndiko aina mpya ya virusi vya mpox, ile ambayo wataalamu wameipa jina la Ib, ilikoanza kuonekana Septemba 2023. Kamituga ni mji wa dhahabu. Dhahabu imechimbwa pale tangu enzi za Wabelgiji, na makampuni yalipoondoka, wenyeji na wageni waliendelea kuchimba kwa sururu, nyundo na tochi ya kufunga kichwani. Vijana kwa maelfu wako pale, mbali na wake zao, na pesa wanazipata kwa siku, si kwa mwezi. Palipo na vijana wa namna hiyo hapakosi vilabu vya pombe, na vilabuni hamkosi wanawake ambao vita viliwafukuza mashambani kwao, wakabaki na mwili tu wa kuuza.

Virusi vilipita humo, ngozi kwa ngozi, kitanda kwa kitanda. Kutoka Kamituga vilifuata barabara hadi Bukavu, kisha Goma, Burundi, Rwanda, Uganda, na hatimaye kwetu. Agosti 14, 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura ya kimataifa, tangazo ambalo halikuondolewa hadi Septemba 2025.

Nimeanza na mpox kwa sababu ilitupigia hodi mlangoni. Lakini nia yangu leo ni kuzungumzia jambo ambalo kwa kawaida tunawaachia wanasiasa na mabalozi, yaani mahali madini yanapotoka, na kama kuna amani huko yanakotoka. Mimi kama daktari nasema hilo ni suala la afya, na tena si la Wakongo peke yao.

VUMBI NA ZEBAKI

Hebu tubaki Kamituga kidogo. Mwanamume hushuka shimoni, lakini mawe yanapotolewa nje kazi hupokewa na wanawake. Hao huyaponda mawe kwa vyuma ndani ya vinu hadi yawe unga, ndipo dhahabu itafutwe. Kwa Kifaransa cha huko huitwa "mamans twangaises", na bila shaka umekwisha tambua neno lililofichika hapo. Ni kitenzi chetu, kutwanga, kilichovishwa koti la Kifaransa. Jina ni la kuchekesha, kazi si ya kuchekesha hata kidogo.

Mawe yale yana silika, kitu kile kile kilichomo katika mchanga na kioo. Yakipondwa makavu hutoa vumbi lenye chembe ndogo mno, nyingine ndogo kiasi kwamba jicho halizioni. Pua na koo huzuia vumbi kubwa. Chembe hizi hupita hadi kwenye vifuko vya mwisho kabisa vya mapafu. Mwili hujaribu kuzila ukashindwa, na kila unaposhindwa huacha kovu. Makovu yakizidi, pafu hukauka na kuwa gumu kama sponji iliyosahauliwa juani. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna dawa. Tena mwenye silikosisi huwa mwepesi sana wa kushikwa na kifua kikuu, ambacho hukipeleka nyumbani kwa watoto. Leso iliyofungwa mdomoni haisaidii sana. Kinachosaidia ni maji: jiwe likipondwa likiwa limelowa, vumbi hupungua sana. Ni jambo rahisi, lakini huhitaji mtu wa kulifundisha, na mahali pa kukaa bila kukimbizwa kesho yake.

Baada ya vumbi huja zebaki. Hii ni ile metali inayotiririka kama maji, iliyokuwa katika vipimajoto vyetu vya zamani. Ikichanganywa na unga wa mawe huinasa dhahabu na kufanya donge. Donge hilo hupashwa moto, zebaki ikawa mvuke, dhahabu ikabaki. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Mtu akiuvuta, takriban asilimia 80 yake hubaki mwilini, ukapanda ubongoni na kushuka kwenye mafigo.

Niliwahi kumhudumia mama wa miaka thelathini na kitu aliyeletwa Nairobi na kaka yake kutoka Migori. Mikono ilikuwa ikitetemeka hata hakuweza kufunga kifungo. Alikuwa amesahau majina ya majirani, analia bila sababu, fizi zimevimba. Nyumbani ilikwisha amuliwa kwamba amerogwa. Nilipomuuliza kazi yake alisema ni mama wa nyumbani tu. Ilichukua maswali mengi hadi akataja kwamba jioni mumewe huleta donge la dhahabu, naye hulichoma jikoni, juu ya jiko lile lile la kupikia ugali, mtoto akiwa mgongoni. Hakuona kwamba hiyo ni kazi.

Zebaki inayomwagwa haiendi mbali. Hufuata mto, na matopeni vijidudu huigeuza kuwa aina nyingine iliyo kali zaidi, ambayo huingia kwa samaki. Mama mjamzito akila samaki hao kwa wingi, sumu huvuka hadi kwa mtoto aliye tumboni, na ubongo wa mtoto ndio unaoumia. Ulimwengu ulilijua hilo kutokana na mji wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa mwaka wa 1956, na ndiyo sababu mkataba wa kupunguza zebaki, ulioanza kutumika Agosti 2017, ukapewa jina la mji huo.

YALIYOTOKEA DURBA

Huenda ukaniambia, "Daktari, hayo ni maradhi ya umaskini, vita vinaingiaje?" Swali zuri. Turudi nyuma hadi mwaka wa 1998, kaskazini-mashariki mwa Kongo, mahali paitwapo Durba karibu na Watsa. Kampuni ya serikali iliyochimba dhahabu huko ilikuwa imedhoofika, na Agosti mwaka huo vita vikazuka upya. Vijana waliingia kujichimbia wenyewe katika mgodi wa zamani uitwao Gorumbwa, uliokuwa umejaa popo. Humo walikutana na virusi vya Marburg, ndugu wa karibu wa Ebola.

Wenyeji walikuwa na habari ya ugonjwa wa kutoka damu wa Durba tangu miaka ya 1980. Kilichokosekana ni mtu wa kuwasikiliza, na baadaye, barabara salama ya kuwafikia. Kati ya 1998 na 2000 watu 154 waliugua, na 128 kati yao wakafa. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wachimbaji vijana. Daktari mkuu wa eneo hilo naye aliambukizwa akiwahudumia, akafariki Aprili 1999. Ni baada ya kifo chake ndipo habari zilipofika mbali. Na unajua ugonjwa ulikomaje? Mgodi ulifurika maji, wachimbaji wakashindwa kuingia. Si serikali iliyoukomesha, wala si sisi madaktari. Ni mafuriko.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Machimbo yenye bunduki hayana mkaguzi, kwani mkaguzi atapigwa risasi. Hayana zahanati, kwani dawa huporwa. Hayana chanjo, hayana orodha ya watu, wala hapana anayejua nani ameondoka leo na kuelekea wapi. Wanawake ndio wanaolipa zaidi. Hospitali ya Panzi mjini Bukavu ilifunguliwa mwaka wa 1999 na Dkt Denis Mukwege akitarajia kuzalisha akina mama. Badala yake alijikuta akishona majeraha ya wanawake waliobakwa na watu wenye silaha. Mwaka wa 2018 alitunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel, na kwa miaka mingi amekuwa akiueleza ulimwengu kwamba majeraha hayo yana uhusiano na madini.

SHERIA ILIYOWAUMIZA WATOTO

Basi, tufanye nini? Wengi hukimbilia jibu moja: tususie, tusinunue kabisa. Naomba tusikilizane hapa, maana dawa yenye nia njema inaweza kumuua mgonjwa.

Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria iitwayo Dodd-Frank. Kifungu chake cha 1502 kiliyataka makampuni yaliyo katika soko la hisa huko yatangaze kama bati, tantali, tungsteni au dhahabu wanayotumia imetoka Kongo au nchi zinazopakana nayo, na kama iliwanufaisha wenye silaha. Kwa maandishi, hakuna kosa. Lakini wanunuzi wengi waliona usumbufu wa kukagua ni mkubwa kuliko faida, wakaacha tu kununua Kongo. Na Septemba mwaka huo huo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema hadi Machi 2011.

Wachimbaji wadogo walikaa bure. Wale wenye bunduki hawakukaa. Wengine walihamia kwenye dhahabu, ambayo haihitaji lori, mtu huificha hata ndani ya soksi. Miaka michache baadaye watafiti watatu, Parker, Foltz na Elsea, walichunguza vijiji vilivyo karibu na machimbo yaliyoguswa na sheria hiyo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 walikadiria kwamba uwezekano wa mtoto kufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja uliongezeka kwa asilimia 143 au zaidi. Maelezo yao ni yale ambayo mkunga yeyote angeyatarajia: pesa zilipokatika, kina mama walipunguza matumizi yao kwa matibabu na mahitaji ya mtoto mchanga.

Nikisoma takwimu ile huwa naiona sura ya mama anayeketi kwenye benchi la kliniki akihesabu sarafu. Kwake yeye machimbo si vita. Ni ada ya daktari, ni sabuni, ni karo. Ukiyafunga bila kumpa kitu kingine, umemfungia mlango wa hospitali.

GUNIA LITAKAGULIWA NA NANI?

Njia iliyobaki ni ngumu zaidi, nayo ni kununua kwa kuuliza. Nchi za Maziwa Makuu zilikubaliana kuihusu hapa hapa Nairobi, katika mkataba uliotiwa sahihi Desemba 2006 ambao ndani yake mna itifaki dhidi ya uporaji wa maliasili. Miaka minne baadaye, mjini Lusaka, viongozi waliidhinisha utaratibu wa vyeti: machimbo hukaguliwa, yakapewa kijani, manjano au nyekundu kulingana na mambo kama kuwapo kwa watu wenye silaha na watoto wanaofanya kazi. Kenya ni mwanachama. Umoja wa Ulaya nao una kanuni yake, iliyoanza kuwabana waagizaji Januari 2021.

Kwa bati na koltani, ambayo hutoa tantali ya kutengenezea vifaa vidogo vya kuhifadhi umeme ndani ya simu yako, gunia hufungwa lebo yenye nambari tangu linapotoka shimoni. Wazo ni zuri. Ila lebo ni karatasi, na karatasi hununulika. Shirika la Global Witness lilidai mwaka wa 2022 kwamba madini ya magendo yalikuwa yakiingizwa katika mfumo huo na kutoka safi, madai ambayo wasimamizi wa mfumo waliyakanusha. Kisha mwishoni mwa Aprili 2024 waasi wa M23 waliuteka mji wa Rubaya huko Masisi, ambao hukadiriwa kutoa takriban asilimia 15 ya tantali ya dunia. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kwa ushuru peke yake waasi walikuwa wakikusanya dola 800,000 kwa mwezi. Hakuna lebo inayoshindana na pesa hizo.

Kwa hivyo ukaguzi bila amani ni kazi bure, na amani bila riziki haidumu. Mfano ninaoupenda ni mdogo, tena wa huko Ituri, eneo la Mambasa. Katika mradi ulioitwa Just Gold, wachimbaji walipewa vifaa na mafunzo ya kuchimba vizuri zaidi, nao wakakubali kuuza dhahabu yao kwa njia ya halali inayoweza kufuatwa hadi mwisho. Baadhi yake ilifika kwa masonara wa Kanada. Haikumaliza vita vya Ituri. Lakini jambo lililonivutia ni kwamba hawakuanza kwa kuwahubiria wachimbaji. Walianza kwa kuwauliza kinachowapotezea dhahabu, wakawasaidia kupata zaidi kwa jasho lile lile. Mtu huacha zebaki upesi anapoonyeshwa kwamba njia nyingine inamwachia dhahabu nyingi zaidi, kuliko anapotishwa na daktari aliyevaa tai. Nasema hivyo nikijua mimi ni mmoja wa hao wenye tai.

HAPA NYUMBANI

Tusidhani kwamba haya ni ya Kongo tu. Dhahabu huchimbwa kwa mikono Migori, Kakamega, Vihiga na Narok. Katika machimbo ya Hillo, Dabel, kaunti ya Marsabit, watu waliuana mwaka wa 2024 kwa kugombania dhahabu hadi serikali ikayafunga. Mei mwaka huo huo wengine walifukiwa na udongo wakichimba katika machimbo hayo hayo yaliyofungwa. Kufunga peke yake, kama ulivyoona, si tiba. Sheria yetu ya madini ya 2016 inaruhusu wachimbaji wadogo kupata vibali na kuunda vyama. Chama kikiwapo, afisa wa afya ana mtu wa kuzungumza naye, na wazee wa pande mbili wana mahali pa kukutana kabla ya panga kuchomolewa.

Wewe uliye mjini una nafasi yako pia. Ukienda kwa sonara kununua pete ya arusi, muulize dhahabu imetoka wapi na kama ana karatasi za kuthibitisha. Atashangaa. Ulizeni wengi, ataacha kushangaa na kuanza kuzitafuta. Ukiletewa dhahabu "ya Kongo" kwa bei ya kutupa katika hoteli ya kifahari, ama ni bandia ama ina damu, na mara nyingi ni bandia. Simu yako ikiharibika kioo, itengeneze kabla ya kununua nyingine. Iliyokufa kabisa ipeleke kwa wakusanyaji taka za elektroniki badala ya kuitupa jaani, kwani madini yake hutumika tena.

Ama ukiwa na jamaa anayefanya kazi machimboni, nakuomba umfikishie haya. Donge la dhahabu lisichomwe jikoni, wala ndani ya nyumba, wala karibu na mtoto au mwanamke mwenye mimba. Kuna chombo kilichofungwa, chenye mfereji wa kupoza mvuke, ambacho huirudisha zebaki ikawa maji tena. Kikundi kinaweza kuchanga na kukitengeneza kwa fundi wa chuma. Nguo za kazi ziachwe nje na zifuliwe peke yake. Jiwe lipondwe likiwa limelowa.

Kikohozi kinachozidi wiki mbili ni cha kupimwa kifua kikuu, hata kama mwenyewe anasema ni vumbi tu. Homa pamoja na vipele vyenye usaha, hasa sehemu za siri, na tezi zilizovimba, ni vya kuonyeshwa daktari siku hiyo hiyo, bila aibu. Na mtu anayetetemeka mikono, anayesahau ovyo na kubadilika tabia asipelekwe kwa mganga kwanza. Apelekwe hospitali ya kaunti, na mnapofika mtaje kazi yake waziwazi, na ya mumewe au mkewe pia. Mkojo wa kupimwa zebaki huchukuliwa kwa utaratibu wake na kupelekwa maabara maalumu, na daktari asipoambiwa habari za dhahabu hatafikiria kuuagiza.